Lava haipigi hodi: jibu kwa binti wa Ndosho anayetaka kuingia utawani

Swali: Sista, nina miaka 25, naishi Ndosho, Goma, nafundisha darasa la tatu. Huu ni mwaka wa tatu nasikia wito wa utawa, na masista wanaonisindikiza wamesema naweza kuanza. Baba alikufa kwa ajili ya vita. Mama anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kituku. Mimi ndiye kifungua mimba. Wadogo zangu watatu bado wanasoma, anayenifuata anafanya mtihani wa serikali mwakani. Nilipomwambia mama, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Lava ilichukua nyumba, vita vikamchukua baba yako, sasa Mungu naye anakuchukua wewe?" Baba zangu wadogo wanauliza mahari yao iko wapi. Kwenye kikundi cha maombi wameniambia niondoke alfajiri bila kuaga, kwa sababu anayeangalia nyuma hafai. Tena nimeshapokea zamu yangu ya likilemba la walimu, ule mchezo wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, nimebakiza miezi mitano ya kuchangia. Nifanye nini?

Jibu: Mwanangu, maneno ya mama yako nimeyarudia mara nyingi tangu niyasome. Nakuomba usiyachukue kama maneno ya mtu aliyepungukiwa imani. Mama huyo alikubeba mgongoni mwezi wa kwanza mwaka 2002, siku mlima wa moto Nyiragongo ulipopasuka na mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukafunika soko na nyumba na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwezi wa tano mwaka 2021 mlima ulilipuka tena, na siku chache baadaye mitaa kumi ikaamriwa kuhama kwa mara moja. Mtu aliyepitia hayo anajua kuondoka ni nini. Kwake kuondoka kuna sura moja tu: kitu kinakuja bila hodi, kinachukua kinachotaka, nawe unabaki na godoro kichwani na watoto unaowahesabu kila baada ya hatua kumi. Ndipo binti yake wa kwanza anakuja kumwambia: nami naondoka, na anayenichukua safari hii ni Mungu.

Amesikia neno "kuchukua" kwa maana anayoijua. Usibishane naye. Jiulize kwanza kama wewe mwenyewe hujaanza kuondoka kwa namna ile ile, kwa sababu shauri la kikundi chako cha maombi linafanana mno na kukimbia lava.

Hilo la kutotazama nyuma tulitazame vizuri, maana watu wengi wanachanganya maandiko mawili. Aliyeambiwa akimbie bila kugeuka ni Lutu, katika Mwanzo 19, na sababu ilikuwa moto ulioanguka juu ya Sodoma. Pale hapakuwa na wito, palikuwa na maangamizi, na malaika walimshika mkono kwa nguvu kwa kuwa alikuwa akikawia. Watu wa Goma mnalielewa andiko hilo kwa miguu yenu. Lakini nyumba ya mama yako si Sodoma. Hakuna moto unaoishukia, hakuna dhambi unayoikimbia. Anayekwambia utoke humo alfajiri kama Lutu amekosea ukurasa.

Ukurasa wako ni wa Mwanzo 12. Mungu anamwambia Abramu atoke katika nchi yake, na jamaa zake, na nyumba ya baba yake, aende mpaka nchi atakayoonyeshwa. Ona anavyomvua tabaka baada ya tabaka: nchi, halafu ukoo, halafu nyumba. Yaani Mungu mwenyewe anajua kwamba kila tabaka linauma kuliko lililotangulia, na anayataja yote kabla Abramu hajapiga hatua. Hamfichi gharama. Kisha soma aya ya 5, ambayo wahubiri huiruka: Abramu alimchukua Sarai mke wake, na Lutu mtoto wa ndugu yake, na mali zao zote walizokusanya, na watu waliowapata Harani. Huo ni msafara, mwanangu. Msafara unafungwa mchana, majirani wanaona, watu wanauliza mnaenda wapi. Abramu alikuwa na miaka 75, na jibu la "mnaenda wapi" hakuwa nalo. Waebrania 11:8 inasema alitoka asijue aendako. Hakujua mwisho wa njia, lakini waliobaki nyuma walijua kwamba anaondoka.

Tena hakukata kamba. Katika Mwanzo 22 habari za nyumbani bado zinamfikia, anaambiwa kwamba nduguye Nahori amepata watoto. Katika Mwanzo 24 anamtuma mtumishi wake na ngamia kumi arudi kwa ukoo ule ule kumtafutia Isaka mke. Na baba yake Tera? Ukipiga hesabu za umri katika Mwanzo 11 na 12, Tera aliishi miaka 60 baada ya Abramu kuondoka Harani, ingawa Stefano katika Matendo 7 anasema Abramu alihama baba yake akiisha kufa. Waalimu wamejadiliana sana juu ya tofauti hiyo. Mimi nahisi nyuma yake kuna uchungu ule ule unaokunyima usingizi: ni vigumu hata kusimulia kwamba mtu wa imani alimwacha mzazi wake mzee. Lakini kwa hesabu yoyote, Nahori alikuwepo, ndugu aliyebaki nyuma.

Sasa Luka 9, kwa sababu najua wamekusomea. Mtu mmoja anamwambia Yesu nitakufuata, lakini niruhusu kwanza nikawaage wa nyumbani mwangu. Yesu anajibu kwamba anayetia mkono kulima kisha akaangalia nyuma hafai kwa ufalme wa Mungu. Ni neno kali na silipunguzi. Ila litazame shambani. Sisi tuliokulia vijijini Walungu, Kivu Kusini, tunalima kwa jembe la mkono, tumeinama, macho chini. Kilimo anachokisema Yesu ni cha plau inayokokotwa na ng'ombe: mkono mmoja unashika plau, mwingine unashika fimbo ya kuwasukuma ng'ombe, na mkulima akigeuza shingo, mfereji wote unapinda. Anayekemewa ameshaanza kulima huku moyo uko kwingine. Na maneno mawili yanamfichua kabla hajafika mbali: "lakini" na "kwanza". Elisha naye, katika 1 Wafalme 19, aliomba kuwabusu baba na mama yake, Eliya hakumzuia. Alirudi, akachinja ng'ombe aliokuwa akilima nao, akapika nyama kwa miti ya plau yenyewe, akawalisha watu, ndipo akaondoka. Kuaga kwake ndiko kulikomfungia mlango wa kurudi. Kuna kuaga kunakochelewesha na kuna kuaga kunakomaliza. Wewe unajua ni kupi unakokuogopa.

Nimefika kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote katika barua yako, nawe umeliweka mwishoni kama kitu kidogo: likilemba.

Umeshakula zamu yako. Wenzako walitoa fedha zao wakijua kwamba na wewe utatoa zamu zao zikifika. Katika hao kuna mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa kama wako, na anaingoja zamu yake alipe minervali, yaani karo ya shule, ya mtoto. Ukiondoka alfajiri na Biblia mkononi, nani atatoa sehemu yako? Watakwenda Kituku. Watamkuta mama yako na beseni lake la sambaza, naye ataaibika, atalipa. Hapo utakuwa umemtolea Mungu sadaka kwa mfuko wa mama yako.

Yesu alilisema hili waziwazi. Katika Marko 7 kuna watu waliokuwa wakiwaambia wazazi wao: msaada ambao ungeupata kwangu ni Korbani, yaani nimeuweka wakfu kwa Mungu. Kwa macho ya watu ni ibada nzuri. Yesu anasema kwamba kwa njia hiyo wanalitangua neno la Mungu. Msome Yesu yule yule aliyedai kupendwa kuliko baba na mama, na msome msalabani katika Yohane 19: anakufa, pumzi inamwishia, bado anampangia mama yake nyumba ya kuishi. Ndiyo maana mtu akinijia na wito, swali langu la kwanza ni hili: anayelipa ni nani? Abramu alilipa mwenyewe. Elisha alichinja ng'ombe wa kazi yake mwenyewe. Yakobo na Yohane walimwacha baba yao Zebedayo ndani ya mashua, ni kweli, lakini Marko, katika sura ya 1, anaongeza kitu kidogo ambacho wengine hawakukitaja: alibaki pamoja na watu wa mshahara. Wavu haukumshinda mzee. Na Petro aliyeacha nyavu, katika sura hiyo hiyo ya 1, anaonekana nyumbani kwake, mama mkwe wake ana homa, na Yesu anamponya.

Kanisa halikuyaacha haya hewani. Kanuni ya 644 ya sheria za Kanisa inawakataza wakuu wa mashirika kumpokea novisi, yaani mtu anayeanza malezi ya utawa, mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Na Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtoto ambaye wazazi wake wana shida isiyoweza kusaidiwa kwa njia nyingine ila kwa mkono wake, asiingie utawani akawaacha hivyo. Kumbuka ni nani aliyeandika hayo. Ndugu zake walimkamata njiani alipojiunga na shirika la watawa Wadominiko, wakamfungia nyumbani karibu mwaka mzima ili abadili nia, naye hakubadili. Alijua vizuri jamaa inavyoweza kumzuia mtu, na bado aliona kwamba mzazi mwenye shida ya kweli ana haki.

Nitakusimulia la kwangu. Siku niliyoondoka kwetu, mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, amenipa mgongo, anamenya muhogo. Nilisema, "Mama, naenda." Kisu hakikusimama. Niliona rundo la maganda limefika kwenye goti lake, na muhogo uliomenywa umejaa beseni mbili, nasi nyumbani tulikuwa watu wanne. Njiani ndipo nilielewa: ulikuwa muhogo wa matanga. Alikuwa anapika kilio changu. Nililia mpaka barabara kubwa, nikajiambia kwamba machozi yale ndiyo bei ya kumfuata Kristo. Miaka minne baadaye dada yangu aliniambia kwamba nilikuwa nimeacha deni la kitenge kwa jirani, nimelisahau kabisa, na mama alilipa kwa maharage ya mavuno mawili bila kuniandikia hata neno. Uchungu wa kuagana ulikuwa haki yangu kuubeba. Maharage yale hayakuwa haki yangu.

Siku ya nadhiri zangu za kwanza mama alikuja na kuku mwekundu kwapani. Kabla hajanisalimu alinishika mikono, akaigeuza, akakagua viganja kama bado vina sugu za jembe. Aliona zipo. Ndipo akacheka.

Lakini usinielewe vibaya, maana naweza kukupa kamba ya kujifungia nyumbani. Kuna upande mwingine. Tera ndiye aliyeanza safari ya Kanaani, Mwanzo 11:31 inasema hivyo. Akafika Harani, akakaa, akafia huko. Alikuwa na nia njema na mifugo mingi, na kila mwaka bila shaka palikuwa na sababu. Nimewaona wasichana wa Harani. Kwanza mdogo amalize shule, halafu mwingine, halafu paa, halafu ugonjwa, na miaka 15 inapita, na mtu anazeeka akiwanung'unikia ndugu aliowatumikia. Wito usiopewa tarehe huoza kama sambaza wasioanikwa.

Na habari ya mahari, kwa heshima yote kwa baba zako wadogo: hiyo si shida ya mzazi anayozungumzia Thomas. Ni matumaini ya ng'ombe na mbuzi. Mila ina uzito wake, uwaendee, upige goti, uwaeleze, uwaombe baraka. Hata kuwapelekea kitu kidogo cha heshima si vibaya. Lakini huna deni lao, na huwalipi. Njaa ya mama yako ina sauti mbele ya Mungu, na minervali ya wadogo zako pia. Ng'ombe ambao hawajazaliwa hawana.

Watakutolea mfano wa Mwenyeheri Anuarite. Ni kweli, akiwa msichana mdogo alipanda lori lililokuwa likiwapeleka wasichana Bafwabaka, mama yake asijue, akatafutwa kwa siku kadhaa. Aliingia katika shirika la Jamaa Takatifu, akawa mwalimu kama wewe, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Nampenda mno. Lakini utakatifu wake hautoki kwenye lori, na katika habari hiyo mimi humwona pia mama anayezunguka akiulizia mtoto. Mama yako ameshawahesabu watoto barabarani mara nyingi. Usimfanye ahesabu tena akakosa mmoja.

Tena angalia Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma kabisa. Alikuwa kijana wa miaka 26, kazi yake kukagua bidhaa zinazoingia mjini. Mwaka 2007 alikataa hongo ili vyakula vilivyoharibika visipite, wakamuua. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Huyu hakuhama. Alichokiacha ni kile ambacho watu wote wanakiona cha kawaida: mkono unaopokea, karatasi inayopita. Nakwambia hivi ili ujue kwamba hata ukilazimika kungoja, kungoja kwako Ndosho si kukaa nje ya wito. Yule mtu wa Wagerasi katika Marko 5 alimsihi Yesu waende pamoja, Yesu akamrudisha kwa watu wa kwao.

Kwa hiyo, ushauri wangu ni huu. Lipa miezi mitano ya likilemba mpaka franka ya mwisho. Maliza mwaka wa shule, usiwaache watoto wa darasa la tatu katikati. Subiri mdogo wako afanye mtihani wake wa serikali, kisha mkae naye mpange: yeye ndiye Nahori wako. Aambiwe wazi ni nini kitakuwa juu yake, asikute tu mzigo mlangoni. Waeleze masista hali hii yote, deni na minervali, na muandike tarehe. Mwaka mmoja na nusu si kitu. Abrahamu alingoja miaka 25 tangu alipoondoka mpaka Isaka alipozaliwa. Lakini tarehe ikifika, nenda, hata kama machozi hayajakauka. Yatakuwa hayajakauka.

Mweleze mama yako mambo mawili ambayo pengine hakuna aliyemweleza. La kwanza ni gumu, usilifiche: ukishaweka nadhiri, unachopata kwa kazi yako kinakuwa cha shirika, hutaweza kutuma nusu ya mshahara nyumbani kama sasa. La pili litamtuliza kidogo. Yeye anafikiri unaingia kaburini. Kumbe ni safari ya hatua nyingi: kipindi cha kuangaliana, halafu novisiati isiyopungua miezi 12, halafu nadhiri za muda za miaka mitatu au zaidi, ndipo nadhiri za daima. Katika miaka hiyo yote mlango unafunguka pande mbili, na hakuna anayekuburuta. Ufunuo 3:20 inamwonyesha Kristo amesimama mlangoni anabisha. Mama yako ni mtu wa hodi na karibu, ataelewa tofauti hiyo kuliko mahubiri yangu yote. Lava haikumpigia hodi. Huyu anapiga hodi, na anaweza kungoja nje mpaka deni la likilemba liishe.

Swali lake bado halijajibiwa, nalijua hilo, na wewe usijaribu kulijibu peke yako. Nitapanda boti kutoka Bukavu mwezi ujao kuja kwenye mafungo ya walimu. Mwulize kama anaweza kunipokea Kituku asubuhi mapema, wavuvi wakishateremsha sambaza na kabla wanunuzi hawajajaa. Nitakaa kando ya beseni lake. Sitaki umweleze kwamba nakuja kukutetea, kwa sababu siji kwa hilo. Nataka anisimulie usiku ule wa mwaka 2002, wewe ukiwa mgongoni, na mimi nisikilize mpaka amalize.